Udongo mweusi wa kinyungu cha mama

Katikati ya kinyungu cha mama kuna jiwe. Ni jiwe kubwa la kijivu, limeshikana na mwamba wa chini, na hakuna aliyewahi kulisogeza. Nilipokuwa darasa la tatu nilikuwa nalikalia nikilinda mahindi mabichi yasiliwe na ngedere, na nyayo zangu zilikuwa zinakanyaga chini. Nakumbuka vizuri kwa sababu udongo ulikuwa wa baridi, unabonyea kama godoro, na nilikuwa nauchezea kwa vidole vya miguu huku maji yakichuruzika katikati yake.

Agosti hii nimelikalia tena. Nina miaka thelathini na minne sasa, miguu yangu ni mirefu kuliko ya mama, lakini haikufika chini. Ilining'inia.

Nikashuka, nikachuchumaa, nikaliangalia lile jiwe vizuri. Juu lina madoa ya kuvu na limesuguliwa na mvua za miaka na miaka. Chini, upana wa shubiri moja na zaidi kidogo, lina rangi nyingine kabisa, ya hudhurungi, safi, kama jino lililoachwa na ufizi. Jiwe halijapanda. Udongo ndio ulioshuka.

Mimi nimesomea udongo. Nilisoma Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, na tangu nimalize nimechimba mashimo katika mashamba ya watu wa mikoa mingi. Sijawahi kuchimba hata moja kwetu Mufindi. Ndiyo maana likizo hii nilikuja na vifaa.

Kwa wasio wa huku: Iringa na Njombe tunaita vinyungu vile vishamba vya mabondeni vinavyolimwa kiangazi. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili au Mei. Baada ya hapo vilima vinakauka, lakini chini bondeni maji yanabaki. Kwa hiyo kuanzia Juni watu wanashuka huko: maharage, viazi mviringo, kabichi, mahindi. Mahindi ya mlimani yanakomaa baadaye sana, na ghala likishaisha, yale mabichi ya kinyungu ndiyo yanayoiokoa nyumba. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye matuta yale. Nayasema haya mwanzoni kabisa ili mtu asidhani nimekuja kuwasema akina mama wanaolima mabondeni.

Mama anasema alipoolewa hapa, bonde lote lilikuwa ndago na matete. Huwezi kuvuka bila kurukaruka kutoka fundo moja la nyasi hadi jingine, na ukikosea unazama hadi magotini hata mwezi wa tisa. Walianza pembeni. Unafyeka, unarundika, unachoma, unachimba mfereji maji yapite, unainua matuta. Mwaka unaofuata unasogea hatua chache kuelekea katikati. Sasa katikati ndipo pazuri kuliko pote, na mfereji mkubwa unaingia mtu mzima hadi kiunoni.

Kimebaki kipande kimoja ambacho hakijaguswa. Kiko juu, kwenye chemchemi, na wazee walikataza kufyeka hapo ili maji ya kunywa yasikauke. Nikaanzia hapo.

Nilichomeka kekee ya udongo, nikaizungusha mara tano, ikazama bila ubishi wowote. Kuitoa ndiyo kazi, maana tope linaivuta. Ilipotoka ilitoa sauti kama ya mtu anayemeza. Juu kabisa kulikuwa na mkeka wa mizizi iliyosokotana. Chini yake weusi mtupu, unaong'aa kwa maji, na ndani ya ule weusi nyuzi nyuzi. Nikauchambua kwa kidole. Kulikuwa na kipande cha jani la ndago, kirefu kama kijiti cha kiberiti, mishipa yake yote ikionekana. Jani lile lilianguka kabla sijazaliwa, na huenda kabla bibi yangu hajazaliwa, na bado lilikuwa jani. Nikakamua donge moja kwenye ngumi: yakatoka maji ya rangi ya chai kavu, na harufu ya yai viza.

Kwenye ile harufu na lile jani ndipo maelezo yote yalipo. Jani likianguka mlimani, wadudu na vijidudu vya udongoni wanalila, na kaboni iliyokuwamo inarudi hewani kama hewa ukaa, gesi inayoongeza joto la dunia. Ili wale waweze kula wanahitaji oksijeni. Udongo ukijaa maji, oksijeni haipiti, maana ndani ya maji inasafiri polepole karibu mara elfu kumi kuliko hewani. Vijidudu vinavyobaki ni vile vinavyoishi bila hewa, na hivyo hula kidogo sana, tena kwa kuchelewa; ile harufu ya yai viza ni pumzi yao. Ongeza na baridi yetu ya Mufindi, ile ya Juni ambayo ukungu haukuachi kuona ng'ombe wako mwenyewe, na ulaji unapungua zaidi. Kila mwaka kinachoanguka kinazidi kidogo kile kinacholiwa. Hicho kidogo ndicho kinachobaki, mwaka juu ya mwaka. Udongo wa namna hii, unaoitwa mboji nene, au peat kwa Kiingereza, kwa kawaida huongezeka kama milimita moja kwa mwaka, na mara nyingi pungufu ya hapo. Kwa hiyo lile pengo kwenye jiwe, shubiri moja na zaidi, lilijazwa kwa miaka mia mbili au zaidi. Limeondoka katika muda wa mimi kukua.

Si lote lililogeuka kuwa hewa, lazima niwe mkweli hapo. Udongo wenye maji ni kama sponji: ukitoa maji unanywea, na ukikanyagwa na kulimwa unashindiliwa. Sehemu ya lile pengo ni kunywea tu. Lakini sehemu nyingine imeliwa. Mfereji unashusha maji, hewa inaingia pale ambapo haikuwahi kuingia, na vile vijidudu vilivyokuwa na njaa kwa karne kadhaa vinaamka. Jembe linaugeuza udongo na kuupa hewa zaidi. Na moto wa kusafisha shamba, ukikuta udongo wa juu umekauka, hauishii kwenye nyasi. Nimeona mwenyewe, nikiwa mdogo, moshi ukitoka ardhini siku tatu baada ya moto kuzimwa. Tulidhani ni ajabu. Udongo wenyewe ulikuwa unaungua.

Nilipohamia kwenye matuta ya mama, kekee ilikataa kuzama, ikabidi niikalie. Udongo ni mweusi bado, na mtu asiyejua atasema ni uleule. Lakini haukung'aa. Ulikuwa chenga chenga, unapukutika, hakuna uzi wala jani ndani yake. Niliukamua kwa nguvu zangu zote, halikutoka hata tone.

Sasa niwaambie jambo moja la maabara, kwa sababu mwaka wangu wa mwisho chuoni lilinifanya niandike uongo bila kujua, na nimeliona likirudiwa katika ripoti za watu wengine.

Ili ujue udongo umehifadhi kaboni kiasi gani, unahitaji vitu vitatu. Kwanza, asilimia ya kaboni. Njia rahisi ni kukausha udongo, kuupima, kisha kuuchoma katika tanuru la nyuzi joto 550. Kibakuli kinaingia na udongo mweusi na kinatoka na vumbi jepesi la kijivu, na uzito uliopotea ni mabaki ya mimea yaliyoungua. Karibu nusu yake ni kaboni. Pili, uzito wa udongo katika ujazo unaojulikana: unapigilia pete ya chuma ya sentimita 100 za ujazo, unakausha kwa nyuzi 105 mpaka uzito usipungue tena, unapima. Udongo wa kawaida wa shamba la mlimani unajaza pete ile kwa gramu 120 au 130. Udongo wa bwawa (nasema kinamasi cha asili, si bwawa la kuchimbwa) wenye nyuzi nyuzi, ukishakauka, unaweza kuwa gramu 20 au 30 tu. Unaushika mkononi kama umeshika sufi. Tatu, kina.

Mtego uko hapa. Chukua namba za mfano, za kufundishia tu. Bwawa ambalo halijaguswa: pete ina gramu 30, kaboni asilimia 15. Kwa kina cha sentimita 30 unapata tani 135 za kaboni kwa hekta. Sasa shamba la pembeni lililotolewa maji miaka mingi: udongo umeshindiliwa, pete ina gramu 60, kaboni imeshuka hadi asilimia 10. Kwa kina kilekile cha sentimita 30 unapata tani 180. Ukiishia hapo utaandika kwamba kulima bwawa kumeongeza kaboni! Mimi niliandika hivyo, au karibu na hivyo. Msimamizi wangu hakunifokea. Aliniuliza tu, "Hizo sentimita thelathini za shamba, zamani zilikuwa sentimita ngapi?"

Zilikuwa sitini. Udongo umenywea, kwa hiyo unapochimba sentimita 30 shambani unachimba udongo mwingi maradufu kuliko ule wa bwawani. Ukilinganisha uzito kwa uzito, utachukua sentimita 15 tu za shamba, nazo zina tani 90. Yaani katika kila tani 135 zilizokuwapo, 45 hazipo tena. Kipimo ni kilekile, udongo ni uleule, na jibu limegeuka kichwa chini miguu juu. Tangu siku ile nikisikia mtu anasema kaboni ya bonde fulani haijabadilika, swali langu la kwanza ni kama aliangalia udongo umeshuka kiasi gani. Na mara nyingi bonde halina jiwe la kukuonyesha.

Ng'ambo ya mfereji, bonde ni la baba mdogo. Yeye aliacha kulima vinyungu zamani, akapanda milingoti, yaani mikaratusi. Huku kwetu huwezi kumlaumu mtu kwa hilo. Tumezungukwa na miti: shamba la miti la Sao Hill, kubwa kuliko yote ya serikali nchini, liko wilayani kwetu, viwanda vya chai vinakausha majani kwa kuni za milingoti, na nguzo za umeme zimejenga nyumba nyingi za bati na matofali unazoziona ukielekea Mafinga. Nilimkuta anakata matawi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Naona umekuja na vyuma vyako."

Nikamweleza ninachopima. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaupiga mlingoti mmoja kwa kiganja, pa! "Hiyo kaboni unayoitafuta chini, si hii hapa? Tumeambiwa tupande miti. Nimepanda."

Swali lake ni la haki, na nimelifikiria wiki nzima. Ni kweli, shina lile lina kaboni, na mtu anaiona kwa macho. Picha ya setilaiti nayo itaona kijani na kusema hapa pamepata msitu. Lakini nilichimba chini ya ile milingoti. Majani makavu juu, halafu udongo mkavu wa kijivu cheusi, umepasuka, na maji sikuyafikia mpaka kekee ilipoishia. Mlingoti haulali kiangazi. Mizizi yake inashuka inayafuata maji, inayanywa mwezi hadi mwezi, na kila yanaposhuka hewa inayafuata nyuma. Baba mdogo atakata nguzo zake miti ikifika miaka kumi hivi, na ataotesha nyingine. Kaboni ya shina inaondoka na lori na kurudi na mche. Ya chini haina mzunguko wa miaka kumi. Nilimwambia hivyo, kwa maneno mepesi kuliko haya. Akasema, "Basi hao wanaonunua kaboni, wanaolipa watu wenye miti, waje wainunue na hiyo ya chini, nami nitang'oa miti." Nami naona ana hoja. Mashina ni rahisi kuyahesabu, na ndiyo maana kila mtu anaanzia huko.

Kuna jambo ambalo wenzangu wa fani hii watanikumbusha nisipolisema: bwawa lenye maji nalo linatoa gesi, tena methani, ambayo inapasha joto kuliko hewa ukaa mara 27 au 28 hivi ukihesabu miaka mia. Ni kweli. Lakini methani haidumu hewani. Baada ya miaka kumi na kitu sehemu kubwa imekwisha vunjwa. Hewa ukaa inayotoka kwenye udongo uliokauka inabaki na kuongezeka, na shamba likitiwa mbolea ya urea linaongeza naitrasi oksaidi, gesi nyingine inayopasha joto, juu yake. Bwawa la kale lililotulia linavuta kaboni na kuikalia. Ukilikausha, unafungua akiba ya babu wa babu.

Ni kubwa kiasi gani? Mwaka 2013 jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, IPCC, lilitoa mwongozo wake kuhusu ardhi oevu. Kwa udongo wa mboji nene wa nchi za joto uliotolewa maji na kulimwa mazao, kiwango walichoweka ni tani 14 za kaboni kwa hekta kila mwaka, ambazo hewani ni zaidi ya tani 51 za hewa ukaa. Sehemu kubwa ya vipimo vile vilitoka Asia ya Kusini-Mashariki, mahali penye joto kali, na siwezi kuibandika namba hiyo kwenye bonde letu la baridi. Lakini inakupa picha ya kile hekta moja tu inaweza kufanya. Udongo wa aina hii umefunika karibu asilimia 3 tu ya nchi kavu duniani, na bado una kaboni nyingi kuliko miti na mimea ya misitu yote ya dunia. Katika Bonde la Kongo, watafiti walipochora ramani yake mara ya kwanza mwaka 2017, walikadiria tani bilioni 30 za kaboni chini ya mabwawa ya msituni. Ukiwa juu yake unaona miti na maji tu.

Kinyungu cha mama si Kongo. Ni robo hekta. Lakini vinyungu viko katika kila bonde kutoka hapa hadi Njombe, na maji yanayotoka huku ndiyo yanayoshuka kuwa Ruaha Mdogo, yapite Iringa mjini, yaingie Ruaha Mkuu, yafike Mtera na Kidatu yakazungushe mitambo ya umeme. Udongo ule wa sponji ndio uliokuwa unayashika masika na kuyaachia polepole kiangazi. Kaboni na maji huku kwetu ni habari moja, huwezi kuzitenganisha.

Wanyarwanda walilijua hilo kwa njia ngumu. Bwawa la Rugezi, kinamasi kilicho kaskazini mwa nchi yao, juu ya mita elfu mbili kama kwetu, lilichimbwa mifereji na kulimwa. Maji yakapungua Ziwa Burera, na mitambo ya Ntaruka inayotegemea ziwa hilo ikakosa nguvu, nchi ikaingia katika shida kubwa ya umeme mwaka 2003 na 2004. Serikali ikawaondoa wakulima, mifereji ikazibwa, maji yakarudi, na mwaka 2010 Rwanda ikapewa tuzo ya kimataifa kwa kazi hiyo. Nayasifu matokeo yake. Ila kila nikisoma habari za Rugezi nafikiria walioondolewa, kwa sababu najua vinyungu vinalisha nini.

Kwetu sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Nilimsomea mama usiku mmoja tukiota moto. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, mita sitini zikipimwa hapa zinaishia kwa jirani." Na ni kweli. Bonde letu ni jembamba hivyo. Sheria ikifuatwa neno kwa neno, hakuna kinyungu hata kimoja. Isipofuatwa kabisa, mfereji unaendelea kuchimbwa kila mwaka. Katikati ya hayo mawili hakuna mtu aliyewahi kuja kukaa na mama akaongea naye habari za kina cha mfereji.

Kwa hiyo tulikaa mimi na yeye. Hakukubali yote, wala sikutegemea akubali. Alikubali kwamba mavuno yakiisha, mfereji unazibwa upande wa chini kwa viroba vya udongo na mabonge ya nyasi, ili maji yapande mpaka juu na kukaa mpaka msimu mwingine wa kulima. Alikubali kutochoma tena: nyasi zikifyekwa zinalazwa juu ya matuta kama matandazo. Alikubali, hili kwa shida, kuyaacha matuta mawili ya pembeni mwa mfereji yarudiwe na ndago, kwa sharti kwamba nimnunulie miche ya parachichi apande mlimani nyuma ya nyumba. Nimenunua kumi na mbili. Kile kipande cha chemchemi hakikuwa na mjadala. Alisema hata yeye akifa hakifyekwi.

Je, hilo litarudisha kaboni iliyoondoka? Hapana. Maji yakirudi, kinachosimama kwanza ni upotevu. Kujenga upya ni milimita kwa milimita, na itabidi wajukuu wa watoto wetu waendelee kuziba mfereji uleule.

Siku ya kuondoka nilichukua rangi nyekundu iliyobaki kwenye kopo baada ya kupaka mlango wa jiko. Nikaenda kwenye jiwe, nikachora mstari mwembamba pale udongo ulipoligusa, pande zote nne, na pembeni nikaandika mwezi na mwaka. Mama alisimama kwenye tuta na jembe lake begani akinitazama.

"Utakuja lini kuangalia?"

"Agosti, mama."

"Njoo na rangi nyingine," akasema. "Hiyo ya mlango masika haitaivuka."

Nimeshainunua, ile ya mafuta ya kupakia mageti. Iko hapa mezani karibu na pete zangu.